Jina la Kiskoti likigoma kusomeka: dalili, chanzo na marekebisho

Kiswahili kimetudekeza. Ukiona herufi unaitamka, ukisikia neno unaliandika, na mambo yamekwisha. Mazoea hayo ndiyo yanayomkwamisha mtangazaji wa mpira, mpokea wageni wa hoteli au mwanafunzi aliyepata nafasi ya chuo Dundee, Uskoti, siku anapokutana na Menzies anayeitwa MI-ng'iz, au anapouliza treni ya Milngavie na kuambiwa kwamba mahali hapo panaitwa mal-GAI.

Majina hayo hayakuandikwa ovyo. Karibu kila moja limeshikwa na kimojawapo kati ya vyanzo vichache: herufi iliyopotea wakati wa uchapaji, tahajia ya kale ambayo haikusasishwa, sarufi ya Kigaeli, au mkazo uliokaa tusipotarajia. Ukikijua chanzo, kurekebisha ni kazi ya dakika moja.

Hapa matamshi yameandikwa kwa herufi zetu. Silabi yenye herufi kubwa ndiyo yenye mkazo. Irabu mbili mfululizo huvutwa. Irabu hafifu, ile ya kinywa kilicholegea, imeandikwa a. Kh ni ile ya Khamis kwa mtu anayeitamka sawasawa, gh ya ghali, dh ya dhahabu, ng' ya ng'ombe. Kwa hizi tuna bahati, maana wazungumzaji wengi wa Kiingereza cha London hawana kh wala gh, nasi tunazo. R nayo hutamkwa kila inapoandikwa, Waskoti hawaimezi.

Kabla ya yote: jina limetoka lugha gani?

Uskoti ina lugha mbili za asili zinazochanganywa na wageni. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, nacho ni cha nyanda za chini na mashariki. Kigaeli ni ndugu wa Kiairishi, na ngome yake ni milimani na visiwa vya magharibi. Herufi ileile hufanya kazi tofauti katika kila moja, kwa hiyo anayeruka hatua hii atatumia dawa ya ugonjwa mwingine.

Ukiona quh, au z baada ya n au l, au mwisho wa -is na -yss, uko kwenye Kiskoti. Ukiona bh, mh, dh, au irabu yenye alama juu kama à na ò, uko kwenye Kigaeli. Majina ya mahali mara nyingi ni mchanganyiko: mzizi wa Kigaeli ulioandikwa na karani wa Kiskoti. Hayo yakate vipande, kila kipande ukitibu peke yake.

Dalili: umetamka z, mwenye jina amekunja uso

Mifano ni Menzies, Dalziel, Culzean na Kirkgunzeon.

Kiskoti cha zamani kilikuwa na herufi moja ambayo leo haipo, yogh, iliyofanana na tarakimu 3 yenye mkia. Ilisimamia sauti ya y. Ikikaa baada ya n ilitoa ny au ng', na baada ya l ilitoa ly. Waandishi wa mkono wa Uskoti waliichora karibu sawa na z yenye mkia, hata jicho lisiweze kuzitenganisha. Kisha ukaja uchapaji: mashine ya kwanza Uskoti ni ya Walter Chepman na Androw Myllar, Edinburgh, 1508. Wachapaji hawakuwa na yogh kwenye kasha lao la herufi, wakachomeka z mahali pake. Vinywa vya watu havikubadilika, karatasi ndizo zilizobadilika.

Marekebisho: ukikuta nz au lz katika jina la zamani la Uskoti, ondoa z, weka y, kisha soma kama unavyosoma Kiswahili. Kirkgunzeon inakuwa kir-GAN-yan, na ny yake ni ya nyumba. Menzies ilianza hivyohivyo, kisha ny ikateleza ikawa ng': MI-ng'iz. Usiongeze g baada yake, yaani isiwe ng ya ngoma. Mtu wa Tanga au Mombasa atalipata jina hili mara ya kwanza, wakati mgeni wa Paris atahangaika nalo.

Dalziel imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa l nayo imemezwa ikabaki di-EL. Ukoo huohuo una tawi linaloandika Dalyell, tahajia inayoonyesha y waziwazi. Mbunge Tam Dalyell, aliyekaa bungeni toka 1962 hadi 2005, aliandika hivyo na kuitwa di-EL. Culzean, ngome iliyo juu ya jabali la pwani ya Ayrshire ambayo Robert Adam alianza kuijenga upya 1777, ni ka-LEYN. Hapo y haisikiki tena, ila imeacha irabu ndefu.

Sasa sehemu inayokera: dawa hii haifanyi kazi kila mahali. Mackenzie ni jina lenye yogh kabisa, kwa sababu linatokana na MacCoinnich, mwana wa Coinneach, na Coinneach ni KON-yakh. Lakini z imeshinda hata huko kwao, na leo ni ma-KEN-zi. Ukisema ma-KEN-yi hakuna atakayekuelewa. Lenzie karibu na Glasgow ni LEN-zi, na Cockenzie, pwani mashariki ya Edinburgh, ni ko-KEN-zi. Visiwa vya Shetland navyo viliandikwa Zetland kwa sababu hiyohiyo. Halmashauri yao ilitumia jina hilo hadi 1975, na mpaka leo msimbo wa posta wa huko huanza na ZE. Ukitafuta anwani ya Lerwick usidhani ZE1 ni kosa la uchapaji.

Na ukoo mmoja unaweza kugawanyika. Robert Menzies, waziri mkuu wa Australia, alitamkwa MEN-ziz. Menzies Campbell, kiongozi wa Liberal Democrats wa Uingereza mwaka 2006 na 2007, aliitwa Ming na kila mtu.

Dalili: umekuta quh katikati ya jina, ulimi umesimama

Quh ni namna Waskoti wa kale walivyoandika hw, ile ambayo Waingereza huiandika wh. Sauti yenyewe ikapungua baadaye kwa njia tatu, na hapo ndipo pa kuangalia.

Njia ya kwanza, imebaki hw: Balquhidder, kijiji lilipo kaburi la Rob Roy MacGregor aliyefariki 1734, ni bal-HWI-dar. Ya pili, imebaki h peke yake: Colquhoun ni ka-HUUN. L haisikiki wala q. Ya tatu, imekuwa k: Farquhar ni FAR-kar, Urquhart ni AR-kart, na Sanquhar, mji ambao posta yake ilianza 1712, ni SANG'-kar.

Hakuna kanuni ya kukuambia jina lipi limefuata njia ipi, lakini kuna dalili ya kusaidia. Mkazo ukiwa kwenye quh yenyewe, pumzi ya h imebaki. Mkazo ukiwa kabla yake, quh imekauka ikawa k. Kilconquhar ya Fife haimo katika hesabu hii: ki-NA-khar, na nusu ya herufi ziko kwa ajili ya bahasha tu.

Dalili: unasema "lok" badala ya lokh

Hili ni kosa la kuiga Waingereza, na kwetu halina udhuru. Loch, yaani ziwa, ni LOKH. Ulimi nyuma, hewa ikikwaruza, kama unavyosema kheri kwa Kiswahili cha wazee. Wengi wetu wa bara tumeigeuza kh kuwa h, tunasema heri na habari. Kwa majina ya Uskoti irudishe.

Auchtermuchty ni okh-tar-MAKH-ti. Tulloch ni TA-lakh. Leuchars ni LUU-khars, na hilo lishike, kwa sababu St Andrews haina stesheni ya reli na ukienda chuoni huko kwa treni utashukia Leuchars. Avoch, kijiji cha bahari kaskazini, ni OKH tu, silabi moja, basi.

Yanayokataa kh: Buchanan ni byu-KA-nan. Murchison, lile la maporomoko ya Uganda yaliyopewa jina la mwanajiolojia Roderick Murchison, ni MAR-chi-san, ch ya chai, ingawa mzizi wake Murchadh una kh kwa Kigaeli. Strachan lina nyuso mbili: kijiji cha Aberdeenshire ni STRAAN, na baadhi ya koo husema hivyo, lakini Gordon Strachan wa soka ni STRA-kan. Mtangazaji anayemwita Straan atakuwa amejua sana kupita kiasi.

Dalili: jina limekuwa refu kuliko linavyotakiwa

Linaishia na -is, -es au -yss, nawe umeihesabu kuwa silabi. Katika Kiskoti -is ilikuwa alama ya wingi na umilikaji, na irabu yake ikafa. Glamis, ngome aliyolelewa mama yake Malkia Elizabeth II, ni GLAAMZ. Wemyss ni WIIMZ. Jina limetokana na neno la Kigaeli la mapango, na mapango yenyewe yapo pwani ya Fife. Inglis ni ING-galz. Forbes zamani ilikuwa FOR-bis, leo ni FORBZ. Innes na Geddes zimebakiza silabi mbili: I-nis, GE-dis.

Dalili: umeongeza irabu, au umekosa kuongeza

Sisi hupenda kila konsonanti iwe na irabu yake. Mfano mzuri uko Kenya: Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, ni Scot iliyopita kwenye kinywa cha Wagikuyu baada ya misheni ya Kanisa la Uskoti kujijenga hapo. S imekuwa th, k imekuwa g, na irabu zimeingia kila penye mwanya. Kwa jina la mahali petu ni sawa kabisa. Kwa jina la mtu, Strachan ikiwa "Sitrakani" hatajua kama anaitwa yeye. Dawa ni kuanza na s iliyovutwa, sss-tra, kisha kuifupisha polepole.

Ila Kigaeli chenyewe kina irabu za ziada zisizoandikwa, na hapa mazoea yetu yanakuwa faida. R, l au n ikifuatwa na konsonanti fulani ndani ya neno, irabu inazuka katikati. Alba, jina la nchi yenyewe kwa Kigaeli, ni A-la-pa, silabi tatu. Sorcha ni SO-ro-kha. Tormod ni TO-ro-mot. Athari yake imefika hadi kwenye Kiingereza cha huko, ambako wengi husema filam kwa silabi mbili. Mswahili mwenye filamu yake yuko nyumbani.

Umeona pia kwamba b ya Alba imekuwa p na d ya Tormod imekuwa t. Katika Kigaeli b, d, g zikiwa katikati au mwishoni hupoteza mtetemo, zikasikika kama p, t, k nyepesi. Ndiyo maana Seonag ni SHO-nak.

Dalili: umeshusha mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho

Hili ndilo kosa letu kubwa, na halionekani kwenye maandishi. Kiswahili huweka mkazo karibu na mwisho bila kufikiri, kwa hiyo tunasema in-VER-ness na a-BER-din. Herufi zote sahihi, na bado dereva wa teksi anauliza "Wapi?"

Majina mengi ya mahali yana sehemu mbili. Ya kwanza hutaja aina ya mahali: Inver na Aber ni mlango wa mto, Dun na Dum ni ngome, Kil ni kanisa, Bal ni makazi, Strath ni bonde pana, Glen ni bonde jembamba, Ben ni mlima. Sehemu ya pili ndiyo inayopambanua, na mkazo hukaa hapo. Inverness ni mlango wa mto Ness, hivyo in-var-NES. Aberdeen ni a-bar-DIIN. Dundee ni dan-DII. Dumfries ni dam-FRIIS. Glencoe ni glen-KO.

Marekebisho: kata kile kiambishi cha mbele, kisha tazama kilichobaki. Kikiwa na silabi moja, mkazo unakwenda mwisho kabisa, nawe inabidi upigane na ulimi wako. Kikiwa na silabi mbili, mazoea yetu yanakubali yenyewe: kil-MAR-nok, dam-BAR-tan, bal-MO-ral. Kwa hiyo Kilmarnock haikusumbui lakini Dundee inakusumbua, ingawa Dundee ndiyo fupi.

Majina ya watu ya Kigaeli hufanya kinyume: mkazo silabi ya kwanza. Ruairidh, Coinneach, Seumas, yote mbele. Catriona ndilo linalojitenga, ka-TRI-na, na o yake haisikiki.

Dalili: jina la kwanza lina h kila mahali

H katika Kigaeli si sauti. Ni alama kwamba konsonanti iliyoitangulia imelegezwa. Bh na mh ni v. Ch ni kh. Th na sh ni h tupu. Fh kwa kawaida haitamkwi. Dh na gh zikikaa na a, o au u ni gh ya ghali. Zikikaa na e au i ni y, na mwishoni mwa neno mara nyingi hutoweka. Kwa hiyo Eilidh ni EY-li, Ruairidh ni RUA-ri, Beathag ni BE-hak. S isiyo na h, ikifuatwa na e au i, ni sh: Seumas ni SHEY-mas.

Kulegezwa huko ni sarufi. Mwanzo wa neno hubadilika kwa kazi yake katika sentensi, jambo lisilopaswa kutushangaza sisi tunaosema ulimi na ndimi, refu na ndefu. Mojawapo ya kazi hizo ni kumwita mtu. Màiri ni MAA-ri unapomtaja, lakini ukimwita unasema a Mhàiri, a VAA-ri. Seumas akiitwa anakuwa a Sheumais, a HEY-mish. Wasiojua Kigaeli walisikia watu wakiitwa, wakaandika walichosikia. Hivyo ndivyo Hamish lilivyozaliwa: ni Seumas aliyeitwa kutoka mlangoni. Mhairi nalo limekuwa jina kamili kwenye vyeti vya kuzaliwa, na kwa kawaida ni VAA-ri.

Kwa kawaida tu. Mhairi Black, aliyechaguliwa mbunge 2015 akiwa na miaka 20, hujiita MAA-ri.

Mengine ya kushika: Iain ni I-an. Isla na kisiwa cha Islay hutamkwa sawa, AI-la. Iona ni ai-O-na. Eoghan ni YO-an. Na usichanganye na Kiairishi. Niamh na Siobhan hufuata kanuni ya h hiyohiyo, lakini ni majina ya ng'ambo ya bahari na wenyewe hawapendi kuunganishwa.

Dalili: Mac imekushinda

Mac ni mwana wa, na Mc ni ufupisho wake tu; husomwa mak au ma, kamwe si "emsi". Mkazo hukaa baada yake. MacLeod ni ma-KLAUD. Maclean ni ma-KLEYN. Mackay ni ma-KAI, na hili linatuhusu: Alexander Mackay, mmisionari aliyezaliwa Rhynie 1849, akafika Uganda 1878 na kufariki 1890 Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, mara nyingi anasomwa "Makei". William Mackinnon, aliyeanzisha kampuni ya Imperial British East Africa na kuachia jina lake mji wa Mackinnon Road kati ya Mombasa na Voi, ni ma-KI-nan. Kati ya majina ya kawaida Macintosh ndiyo inayobeba mkazo kwenye Mac yenyewe: MA-kin-tosh.

Jambo la fomu: kwa Kigaeli mwanamke hatumii Mac bali Nic, binti wa. Kaka akiwa MacLeòid na dada NicLeòid ni ndugu wa tumbo moja, na karani asiwarudishe dirishani kwa kudhani pasipoti zimekosewa.

Dalili: herufi zipo, sauti haipo, na hakuna kanuni

Haya ni ya kukariri. Kirkcudbright ni kir-KUU-bri. Ni kanisa la Mtakatifu Cuthbert lililosagika. Kirkcaldy, alikozaliwa Adam Smith, ni kir-KO-di, kwa sababu Kiskoti kilimeza l nyingi zilizofuata a na o. Culross ni KUU-ros. Hawick ni HOIK. Strathaven ni STREY-van. Kingussie ni kin-YUU-si. Ruthven ni RI-van. Moray ni MA-ri, sawa na Murray. Footdee ya Aberdeen ni FI-ti. Milngavie tumeshaitaja: ni mwisho wa njia ya treni kutoka Glasgow, na ndipo inapoanzia njia ya miguu ya West Highland Way, kilomita 154 hadi Fort William, kwa hiyo wageni wengi hulikosea mbele ya dirisha la tiketi.

Burgh mwishoni ni bara au bra. Anayesema Edinbara kwa Kiswahili yuko karibu na Waskoti kuliko anayejitutumua na "Edinbag". Musselburgh na Jedburgh vivyo hivyo.

Kwa watangazaji: klabu ya Celtic ni SEL-tik, lakini lugha na utamaduni ni KEL-tik. Midlothian ni mid-LO-dhian, th ikiwa dh. Dalglish ni dal-GLIISH. Graeme na Graham ni kitu kimoja, GREY-am. Kwa wahudumu wa baa, majina ya wiski: Laphroaig ni la-FROIG, Bunnahabhain ni bu-na-HA-ven, Glenmorangie ni glen-MO-ran-ji, na Glen Garioch, ambayo hakuna aliyewahi kuikisia, ni glen GII-ri.

Dalili: umesikia jina, hulioni kwenye orodha

Hili ni tatizo lilelile likitazamwa kwa nyuma, na mapokezi ya hoteli ndiyo yanayolipata zaidi. Mgeni amefika Nungwi saa nne usiku, amesema anaitwa Di-el, nawe unashusha kidole kwenye herufi D-I. Hayupo. Yupo kwenye D-A, Dalziel, mistari kadhaa juu.

Ukisikia ka-HUUN tafuta Colquhoun, kwenye C. MI-ng'iz ni Menzies. WIIMZ ni Wemyss. HYUUM inaweza kuwa Hume au Home, tazama zote mbili. Waziri mkuu wa Uingereza wa 1963 na 1964, Alec Douglas-Home, alikuwa wa tahajia ya pili. MARCH-banks ni Marjoribanks. KO-barn ni Cockburn, ck haitamkwi, na kuitamka mbele ya mgeni ni aibu kwa pande zote. KAM-bel ni Campbell. VAA-ri ni Mhairi. Kwa jina lolote lenye Mac, pekua Mac, kisha Mc, kisha uandike sehemu ya mwisho peke yake kwenye sanduku la kutafutia: "leod" italeta MacLeod, Macleod, McLeod na Mac Leod.

Ukishindwa, omba herufi: "Samahani, naomba unitajie tahajia ya jina lako." Mwenye jina la namna hii ameulizwa hivyo maisha yake yote na huwa na jibu tayari.

Dalili: umefuata kanuni zote na bado umesahihishwa

Basi mwenye jina ndiye mwamuzi. Koo zilizohamia Australia, Kanada au Marekani mara nyingi zimeanza kusoma herufi kama zilivyo, na Dalziel wa huko anaweza kuwa DAL-zil bila kosa lolote. Usimfundishe jina lake.

Kwa mahali, chanzo cha kuaminika ni Ainmean-Àite na h-Alba, chombo kinachosimamia tahajia za Kigaeli za majina ya mahali. Hazinadata yake iko mtandaoni na majina mengi yana sauti iliyorekodiwa. Kamusi ya LearnGaelic nayo ina sauti. Programu za simu zinazosoma maandishi usizitegemee kwa majina haya, kwani nyingi zimefunzwa kusoma herufi, na herufi ndizo zilizotuletea taabu.

Ukiwa na orodha ya kusoma hewani, andika upya kila jina kwa herufi za Kiswahili, pigia mstari silabi yenye mkazo, weka nyota kwenye yale ambayo hujayasikia yakitamkwa na mwenyewe. Yenye nyota ndiyo ya kupigia simu klabu au mwandalizi kabla ya kuanza. Ukikosa wa kumuuliza, tumia jina la kwanza la mchezaji, isipokuwa kama ni Ruairidh na hujafanya mazoezi.